Kocha wa Majuu Akikuita, Muulize Kwanza: Mguu Ukivunjika Je?

JUMAMOSI moja jioni Mama Mdogo alinipigia simu akaniambia niache chochote nilichokuwa nafanya, nifike kwake Ngarenaro kabla ya magharibi. Sauti ilivyokuwa inatetemeka nikajua tu kuna msiba. Nikadandia daladala roho ikiwa juu, njia nzima nahesabu wazee wa ukoo mmoja mmoja. Nani katutoka?

Nafika, nakuta kreti mbili za soda, pilau linanukia hadi barabarani, na Mjomba kavaa kaunda suti yake ya sikukuu. Hamna msiba wala nini! Binti wa Mama Mdogo, yule mwembamba anayekimbia mita 1,500, alikuwa kapata barua kutoka Marekani. Chuo kinamtaka! Barua yenyewe ilikuja kwa intaneti, ikachapwa kwa rangi kwenye stesheneri ya jirani, na sasa ilikuwa inapita mkono hadi mkono kama picha ya bwana harusi.

"Mtoto kaula!" Mjomba akanipokea kwa bashasha. "Wiki ijayo nauza kile kiwanja cha Usa River, pesa ya tiketi na viza ipatikane. Wewe si mwandishi bwana, hebu tusomee hiyo barua kwa kituo."

Nikaisoma. Mara ya kwanza nilifurahi kama wenzangu. Mara ya pili nikaweka soda chini.

YALIYONIKUTA MIMI

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba shule yangu iliishia kidato cha sita. Nisichowahi kuwaambia ni kwamba na mimi niliwahi kuwa na barua kama ile. Nilikuwa na miaka 19, nakimbia mita 800, nikipita mtaani na raba zangu begani watoto wananifuata. Chuo kimoja cha huko huko Marekani kikaniandikia. Neno nililoliona mimi lilikuwa "ufadhili". Neno lililokaa mbele yake, lile lililosema kwamba ufadhili wenyewe ni wa sehemu tu, nililiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nyumbani wakauza ng'ombe wawili. Nikaaga shuleni, nikaaga kanisani, nikafanyiwa sherehe. Siku ya usaili wa viza nikaulizwa swali moja tu: hizo pesa zilizobaki analipa nani? Nikatoa macho kama chura. Nilirudi Arusha kwa basi, na kwa muda wa miezi miwili nikawa natoka nje usiku tu, kama popo. Vijana wa maskani wakanipa jina: "Majuu". Hadi leo wapo wanaoniita hivyo, na wengine hawajui hata lilitokana na nini.

Simlaumu mtu. Barua ilisema kweli tupu, mimi ndiye sikuisoma. Ila toka siku hiyo, nikiona watu wanashangilia barua ya kocha huwa tumbo linanikata.

Binti akaniona nimenuna, akanifuata uani. "Kaka, kuna nini?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaingia ndani akatoka na daftari lake la Baiolojia. Ndani yake kulikuwa na barua nyingine, ya chuo kidogo ambacho hata jina lake hakuna aliyewahi kulisikia. Aliificha kwa sababu aliona itachekwa. Halafu akaniambia jambo ambalo pale ndani hakuna aliyekuwa kamuuliza: anataka kusomea uuguzi.

Basi tukakubaliana. Nikarudi ndani nikamwomba Mjomba atupe wiki mbili kabla ya kuuza hata tofali. Alinuna, lakini akakubali. Haya ninayowaandikia leo ndiyo tuliyoyafanya katika wiki hizo mbili. Kama una mdogo wako anayekimbia, anayeruka au anayetupa mkuki, kata ukurasa huu umpe.

WANATAKA NINI KWETU?

Kitu cha kwanza nilichomwambia mdogo wangu ni hiki: kocha wa Marekani si baba wa hisani. Ni mtu wa kazi, na kazi yake ni pointi. Hilo si kosa lake, ila ulijue.

Chukua mbio za nyika. Kila timu inahesabiwa wakimbiaji watano wa kwanza kufika. Aliyeshika nafasi ya kwanza ni pointi moja, wa pili mbili, na kuendelea. Wanajumlisha, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Sasa timu ikishika nafasi tano za mwanzo, jumla yake ni 15, na chini ya hapo haiwezekani. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso kilitwaa ubingwa wa vyuo vyote vya NCAA, yaani kile chama kikubwa cha michezo ya vyuo Marekani, kwa pointi 17. Kumi na saba! Kilikuwa kimeshinda ubingwa huo miaka minne mfululizo, 1978 hadi 1981.

Na nani walikuwa wanavaa fulana za El Paso zama hizo? Wabongo! Suleiman Nyambui, bingwa wa vyuo wa mbio za nyika mwaka 1980, mwaka huo huo aliotuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Zakaria Barie. Gidamis Shahanga, ambaye alishakuwa bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola toka mwaka 1978. Kwa hiyo barua kutoka Marekani si jambo la ajabu lililoanza jana. Njia ilichimbwa zamani na miguu ya kwetu.

Lakini miguu hiyo hiyo ndiyo inayoweza kutumika vibaya. Mkimbiaji wa mbali kule ana misimu mitatu ndani ya mwaka mmoja wa masomo: nyika wakati majani yanapukutika, mbio za ndani ya ukumbi wakati wa baridi, na za uwanjani ikifika masika yao. Kwenye mashindano ya ubingwa pointi huanzia 10 kwa mshindi hadi moja kwa wa nane, na kocha mwenye tamaa anaweza kumwingiza binti mmoja mbio tatu katika siku tatu ili azoe pointi. Binti anachoka, kocha anapata kikombe.

USIDANGANYWE NA UKUBWA WA JINA

Chuo cha barua ya kwanza ni cha Daraja la Kwanza, wenye uwanja wao na televisheni yao. Cha barua ya pili ni cha Daraja la Pili. Mjomba aliposikia "la pili" akakunja uso kama kaambiwa mwanawe kawa wa mwisho darasani.

Ukweli ni kwamba NCAA ina madaraja matatu. La Kwanza na la Pili vyuo vyake vinaruhusiwa kutoa ufadhili wa michezo. La Tatu hawatoi kabisa, ingawa wanaweza kukusaidia kwa masomo yako au kwa uhitaji wako. Hata vile vyuo vinane vya Ivy League, Harvard na wenzake, viko Daraja la Kwanza lakini havitoi ufadhili wa michezo. Nje ya NCAA kuna chama kingine, NAIA, nacho kina ufadhili. Halafu kuna vyuo vya miaka miwili, ambavyo wengi wetu tunavidharau.

Usividharau. Mkenya Sally Kipyego alianzia chuo cha miaka miwili kule Texas, South Plains, kabla ya kuhamia Texas Tech. Huko akachukua mataji tisa ya NCAA ya mtu mmoja mmoja, akasoma uuguzi, na mwaka 2012 London akaichukulia Kenya medali ya fedha ya mita 10,000. Umesikia hapo? Uuguzi! Mdogo wangu aliposoma habari hiyo aliisoma mara tatu.

Na Peter Rono je? Mwaka 1988 Seoul alichukua dhahabu ya mita 1,500 akiwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Maryland. Mwaka huo huo Paul Ereng aliyekuwa Virginia, chuo kikubwa, akachukua dhahabu ya mita 800. Mmoja chuo kidogo, mwingine kikubwa, dhahabu ni ile ile. Kilichobaki ni kuuliza: nani atanifundisha, na nani atanitunza?

TUPIGE HESABU KWANZA

Tukachukua karatasi na kalamu. Chuo cha kwanza kwa mwaka mmoja, ada na chakula na malazi, dola 41,000. Kocha anatoa asilimia 40. Mjomba alikuwa kaisoma hiyo asilimia 40 kama alama ya mtihani, eti kafaulu! Asilimia 40 ni dola 16,400. Zinabaki dola 24,600 kila mwaka, na miaka ni minne. Nilipozigeuza kuwa shilingi, Mama Mdogo alikaa chini. Kiwanja cha Usa River kisingemaliza hata mwaka wa kwanza.

Chuo cha pili kwa mwaka ni dola 27,000. Kocha anatoa 8,000 za riadha, na chuo chenyewe kinaongeza 11,000 kwa sababu ya matokeo yake mazuri ya darasani. Zinabaki 8,000. Bado ni mzigo, lakini ni mzigo wa kubebeka ukoo ukishikana.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sikijui siku zangu. Zile 11,000 zinasimama juu ya kichwa chake, si juu ya miguu yake. Akiumia, akaacha mbio kabisa, mradi anafaulu darasani, zile hazimkimbii. Za riadha ni habari nyingine. Daraja la Pili mara nyingi hutolewa mwaka mmoja mmoja, na mwaka ukiisha kocha anaweza kuamua vinginevyo. Daraja la Kwanza mambo yamekuwa nafuu: kuanzia Agosti 2024 chuo hakiruhusiwi kukupunguzia au kukufutia ufadhili kwa sababu za kimichezo kama kuumia au kushuka kiwango, na kinatakiwa kugharimia matibabu ya majeraha ya michezo hadi angalau miaka miwili baada ya kumaliza. Ni jambo zuri, sitaki kulificha. Lakini kulindiwa asilimia 40 ni kulindiwa asilimia 40. Zile 60 nani atakulindia?

Mjomba naye akaja na lake. "Mbona nasikia siku hizi wanamichezo wa vyuo wanalipwa mamilioni?" Ni kweli, toka Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo, na toka Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Lakini pesa nyingi huenda kwenye ule mpira wao wa mikono na helmeti na kwenye kikapu, na mwanafunzi wa kigeni ana viza ya masomo inayombana kufanya kazi. Anachoruhusiwa bila tabu ni kibarua ndani ya chuo, kisichozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Sasa mtu anayefanya mazoezi, anasoma uuguzi na anaosha vyombo jikoni, atalala lini?

Jambo lingine jipya: vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo wa malipo vimewekewa kikomo cha wachezaji kuanzia mwaka wa masomo wa 2025/26, riadha watu 45 na nyika watu 17. Kwa hiyo uliza bila aibu: kocha, mimi ni wa ngapi katika hao 17? Maana wa 17 leo ndiye wa kukatwa kesho.

SIMU MBILI ZA USIKU

Tuliwapigia makocha wote wawili simu ya video, saa tatu usiku kwetu, kwao mchana. Binti kavaa sare ya shule eti aonekane na heshima. Mimi nimekaa pembeni, sionekani, nashika daftari la maswali.

Kocha wa kwanza alikuwa mcheshi, anacheka kama mtangazaji wa redio. Akatuonyesha uwanja, chumba cha vyuma, kabati la viatu, yaani raba mpya kila msimu! Binti akauliza kuhusu uuguzi. Kocha akatabasamu, akasema wamegundua kwamba wasichana wao hufanya vizuri zaidi wakichukua masomo yasiyogongana na mazoezi. Binti akauliza tena: yuko mkimbiaji wako aliyemaliza uuguzi? Kocha akarudi kwenye viatu.

Hapo pana siri. Kanuni inasema mazoezi ya lazima yasizidi saa nne kwa siku na saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ya kupumzika. Inasikika vizuri. Lakini safari ya basi haihesabiwi, na siku ya mashindano inahesabiwa saa tatu tu hata kama umeshinda uwanjani toka asubuhi. Uuguzi nao una zamu za hospitali, na wodi haimsubiri mtu aliyeko kwenye basi.

Kocha wa pili ni mama wa makamo. Tulimkuta anakula, akaomba radhi, akaendelea kutafuna. Uwanja wake hakutuonyesha. Alisema umezeeka, na baridi ya kwao ni kali kweli kweli, binti asije akasema hakuambiwa. Kuhusu uuguzi akajibu papo hapo: kawahi kuwa nao wawili. Mmoja alimaliza, anafanya kazi hospitalini. Wa pili mwaka wa tatu alishindwa kubeba yote, akaacha mbio, akabaki chuoni kwa ufadhili wake wa masomo, naye akamaliza. "Nilimkosa kwenye timu," akasema, "lakini nilikwenda kwenye mahafali yake."

Binti akauliza lile swali letu kubwa: mguu ukivunjika? Yule mama akaacha kutafuna. Akaeleza bima inalipa nini na hailipi nini, na daktari ni nani. Kisha akasema kwamba zile 8,000 zake hawezi kuziahidi kwa miaka minne, anaahidi mwaka mmoja mmoja, na ataliandika hilo. Jibu halikuwa tamu. Lakini lilikuwa jibu.

TULIVYOPEKUA MAJINA

Sasa ujanja huu ni wa binti mwenyewe, sijui kautoa wapi. Matokeo ya mbio za vyuo vya Marekani yako wazi kwenye intaneti, miaka na miaka. Akachukua timu ya chuo cha kwanza ya miaka sita iliyopita, akaandika majina yote ya wasichana wa Afrika Mashariki. Wanne. Akaenda mwaka uliofuata: watatu. Mwaka uliofuata: mmoja. Hawakuwa wamemaliza. Walikuwa wamepotea tu.

Akamtafuta mmoja wao, Mkenya, akamwandikia ujumbe. Siku tatu kimya. Ya nne akapiga mwenyewe, wakaongea saa nzima. Alisema wikiendi moja ya ubingwa alikimbia mita 10,000, kesho yake mchujo wa 1,500, na siku ya tatu 5,000. Muundi ulikuwa unauma toka wiki mbili nyuma. Akaambiwa ni kawaida. Ukaja kukutwa mfupa una ufa. Hayo yalikuwa kabla ya kanuni ya 2024, na mwaka ulipoisha ufadhili wake haukuendelezwa. Alihamia chuo cha bei nafuu kwa pesa za dada yake, sasa anakaribia kumaliza. Hana kinyongo, ila alimwachia mdogo wangu neno moja: "Usimuulize kocha kuhusu aliyeshinda. Muulize kuhusu aliyeondoka."

Sisemi kila chuo kikubwa kiko hivyo, la hasha. Vipo vikubwa vinavyolea vizuri na vidogo vinavyochuna watu ngozi. Nasema pekua majina. Mwaka wa kwanza wapo wangapi, mwaka wa nne wamebaki wangapi. NCAA nayo hutoa takwimu za wanamichezo wanaomaliza masomo, chuo kwa chuo, ziangalie. Na kama kuna aliyeondoka katikati, mtafute.

Uliza pia timu yenyewe ina maisha gani. Mwaka 2020, wakati wa korona, Stanford walitangaza kufuta michezo 11, wakaja kugeuza uamuzi mwaka uliofuata. Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka huo huo kilitangaza kufuta riadha ya wanaume, ya ndani na ya nje. Ya nje ikaponea chupuchupu, ya ndani ikaenda na maji. Hivyo ni vyuo vikubwa, vyenye majina! Na kocha naye ni mwajiriwa, kesho anaweza kuhama. Jiulize: timu ikifutwa, kocha akihama, mguu ukivunjika, bado nitapenda kuamka asubuhi nikiwa katika chuo hiki? Kama jibu ni hapana, huyo si wako.

MITEGO MINGINE

Kwanza, dalali. Katikati ya hizo wiki mbili akajitokeza jamaa mmoja mwenye begi la ngozi, akasema atamshughulikia binti kila kitu, yeye achukue asilimia kumi ya ufadhili. Mjomba alishaanza kumwagizia soda! Kanuni za NCAA hazitaki mtu alipwe kwa mkataba wa kukutafutia chuo kwa asilimia ya ufadhili wako. Ukikubali, unaweza kufungiwa kucheza kabla hujafika. Tulimshukuru, tukamsindikiza hadi kituoni.

Pili, bahasha za mbio za barabarani. Pesa ya zawadi inayozidi gharama zako halisi za kushiriki inaweza kukuletea balaa. Binti aliwahi kushinda mbio fulani akapewa bahasha. Tukamwandikia kocha ukweli wote, tukatunza na risiti ya nauli. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kupokea.

Tatu, kukaa mtaani. Ukimaliza sekondari ukaendelea kushindana miaka na miaka ndipo uombe chuo, unaweza kukatwa misimu. Uliza saa yako imeanza kuhesabiwa lini.

KIKAO CHA PILI

Wiki mbili zikaisha, tukakaa tena. Safari hii hapakuwa na pilau, kulikuwa na chai na mihogo. Mjomba bado moyo wake uko kwenye chuo cha kwanza. "Hicho kingine hata kwenye televisheni hakionekani! Nitawaambia nini watu?"

Nikafungua mdomo nijibu, binti akaniwahi. "Mjomba, shikamoo tena. Naomba niseme. Kule kwa kwanza nikiumia narudi na nini? Na raba? Kule kwa pili nikiumia narudi nesi. Na nisipoumia narudi nesi mwenye medali."

Mjomba akamtazama muda mrefu. Kisha akavua kofia, akacheka hadi akapaliwa na chai. "Kumbe huyu mtoto ana mbio hadi kichwani."

Basi ni chuo cha pili. Kiwanja cha Usa River hakijauzwa. Mjomba kakikodisha kwa mfyatua matofali, na kodi hiyo ndiyo mchango wake. Mama Mdogo kaingia mchezo wa pili wa upatu. Shangazi wa Moshi kaahidi, na ahadi yake huwa si ya maneno. Hadi ninapoandika haya, mwaka wa kwanza umepungukiwa dola 1,100, na nisiwadanganye, hatujui zitatoka wapi. Lakini safari hii tunajua kwamba hazipo. Siku zangu mimi sikujua hata hilo.

Usaili wa viza ni mwezi ujao. Fomu ya I-20 imefika, na kila mstari wa pesa una karatasi yake nyuma. Binti kaniomba nimsindikize Dar. Nitakaa nje ya geti, nimshikie begi. Akitoka anacheka, nitarudi Arusha kwa basi lile lile la zamani, na vijana wa maskani nitawaambia kwamba jina la "Majuu" limepata mwenyewe, mimi waniite jina langu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.